Hugh Trowell, munganga aliyefuata njia ya mafuta ndani ya mwili

LIKASI – Saa ya muchana katika komini ya Kikula, bukari inapikwa karibu katika kila lupango. Bunga ya mahindi, ambayo mara nyingi inatoka Zambia, ndiyo inajaza tumbo. Mboga inategemea mufuko: siku moja sombe, siku nyingine lengalenga, kapenta wakati falanga iko. Na katika lupango moja watu wanaweza kukuta mambo mawili yanayoonekana kama yanapingana. Mutoto wa miaka 2 amevimba uso na miguu, nywele zake zimekuwa nyekundu, na jirani anafikiri kwamba amenenepa. Nkambo yake, mwenye miaka 60, ana tumbo kubwa, tansio na ugonjwa wa sukari, na familia yote inalaumu mafuta ya mawese.

Kuko munganga moja ambaye aliona mambo hayo yote mawili na kutumia karibu miaka 60 ya maisha yake kutafuta musingi wake. Aliitwa Hugh Trowell. Alizaliwa Uingereza mwaka 1904 na alikufa mwaka 1989. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Kenya na Uganda, upande wa pili wa mipaka yetu ya mashariki. Alikosea sana mwanzoni, alikubali makosa yake, kisha akafungua njia ambayo mpaka leo waganga na wauguzi wa majimbo ya mashariki wanaifuata wanapomupima mutoto aliyevimba ao muzee mwenye sukari.

Kutoka London hadi Mulago

Trowell alisomea uganga London, kwenye hospitali ya St Thomas. Mwaka 1929 aliingia katika kazi ya afya ya serikali ya kikoloni na kutumwa Kenya. Alikuwa kijana mwenye imani nguvu ya Kikristo. Bibi yake, Margaret, alikuwa mutu wa sanaa. Baadaye ndiye alianzisha shule ya sanaa ya Makerere, ambayo ilibeba jina lake.

Mwaka 1935 familia ilihamia Uganda. Trowell akawa munganga wa hospitali ya Mulago, Kampala, na mwalimu wa vijana waliosomea uganga Makerere. Alikaa pale hadi 1958.

Wakati ule waganga Wazungu wengi waliangalia vijidudu tu: malaria, minyoo, kaswende, kifua kikuu. Chakula hakikuhesabiwa sana. Mutoto akifika amevimba, aliandikiwa dawa ya minyoo ao ya kaswende, akarudishwa kitandani. Wengi wao walikufa.

Kosa la miaka mingi

Trowell alianza kuona watoto wa namna hiyo tangu akiwa Kenya. Ngozi yao ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, nywele zilibadilika, miguu ilijaa maji, na mutoto mwenyewe hakutaka kucheza wala kula. Alifikiri ni pelagra, ugonjwa wa ngozi unaowapata watu wasiopata vitamini fulani, zaidi wale wanaokula mahindi peke yake. Aliandika hivyo katika magazeti ya waganga, na aliwapa watoto vitamini. Lakini watoto waliendelea kufa.

Kumbe huko Gold Coast, inchi ambayo leo ni Ghana, munganga mwanamuke Cicely Williams alikuwa ameona jambo lingine. Mwaka 1935 aliandika juu ya ugonjwa ambao watu wa Accra waliuita kwashiorkor, kwa luga ya Kiga. Ni ugonjwa wa mutoto anayeachishwa ziwa wakati mudogo wake anazaliwa. Kwa Williams, tatizo lilikuwa kwenye chakula kinachochukua nafasi ya maziwa ya mama: uji mweupe wa mahindi ambao karibu hauna kitu cha kujenga mwili.

Wakubwa wa uganga kule London hawakumukubali mara moja, na Trowell pia alichelewa. Lakini mama za watoto walikuwa na maneno yao tangu zamani. Waganda waliuita obwosi. Upande wa Kivu, wenyeji wanaujua kwa jina la bwaki. Majina haya yalikuwa yanazunguka katika vijiji kabla munganga yeyote hajaandika kitabu.

Katika miaka ya 1940 Trowell alibadilisha mawazo. Mwaka 1945 yeye na Dokta Muwazi, Muganda aliyefanya kazi naye Mulago, walitangaza pamoja uchunguzi wao juu ya ugonjwa huo. Waliuweka sasa upande wa chakula kibaya kinachoua, wala hawakushikilia tena pelagra ya zamani. Jina la Muwazi halitajwi sana leo, lakini bila waganga na wauguzi Waganda, Trowell hangeweza kujua mama walilisha watoto namna gani, wala kuzungumuza nao vizuri.

Maini yaliyojaa mafuta

Jambo lililomushangaza Trowell zaidi lilionekana baada ya kifo. Jack Davies, mutaalamu wa Mulago aliyefungua maiti ili kutafuta sababu, alikuta maini ya watoto hawa yamejaa mafuta, makubwa na ya rangi ya manjano. Mutoto alikuwa hajapata nyama, hajapata maziwa, mafuta ya kula alipata kidogo sana. Mikono yake ilikuwa imekonda. Sasa mafuta yale yalitoka wapi?

Davies aliona pia kwamba kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, ilikuwa imenyauka. Tezi hiyo ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumwaga ndani ya utumbo enzimu, ni kusema wafanyakazi wadogo sana wa mwili wanaokata chakula vipande-vipande. Kazi ya pili ni kutoa insulini, homoni inayopeleka sukari kutoka kwenye damu hadi ndani ya mwili.

Mwaka 1952 Trowell na mwenzake Thompson walitangaza katika gazeti la Lancet matokeo ya uchunguzi wao. Walipitisha mupira mwembamba hadi mwanzo wa utumbo wa watoto wagonjwa na kuchukua maji yaliyokuwa mle. Enzimu za kukata mafuta, wanga na protini zilikuwa chini sana. Mutoto alipopata chakula kizuri, zilirudi. Basi tezi ilikuwa haijakufa. Ilikosa vifaa tu, juu enzimu zenyewe zinajengwa na protini, na mutoto hakuwa nayo.

Kuko enzimu za namna nyingine, na hizi hazikati, zinajenga. Ziko ndani ya maini na ndani ya nyama za mafuta. Bunga ikiisha kugeuka sukari, na sukari ikizidi kile mwili unachohitaji, enzimu hizi zinachukua vipande vidogo vya sukari na kuviunga kimoja kimoja hadi vitoke mulolongo wa mafuta. Mara nyingi mulolongo huo una kaboni 16. Mafuta hayo yanaitwa asidi ya palmitiki, na jina lake limetoka kwenye mungazi, juu mafuta ya mawese yana mengi ya namna hiyo. Kwa maneno mengine, mutu anaweza kula bukari tupu bila tone la mawese, na bado maini yake yakatengeneza mafuta ya namna ileile.

Kazi ya kueleza njia hiyo ilifanywa na watu wengi. Feodor Lynen wa Ujerumani na Konrad Bloch wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964 juu ya kazi yao ya kolesteroli na asidi za mafuta.

Kwa mutoto wa Mulago, maelezo yaliyokubaliwa na wengi yalikuwa haya: chakula cha wanga kinaacha enzimu za kujenga mafuta zikifanya kazi, lakini maini hayana protini ya kufunga mafuta hayo na kuyatuma kwenye damu. Ni kama depo inayopokea muzigo kila siku bila kamiyo ya kuubeba. Leo wachunguzi wanaongeza mambo mengine, kama madhara ya maambukizo na vijidudu vya utumboni, na bado wanabishana. Lakini picha ya depo iliyojaa ndani ya mwili wenye njaa haijabadilika.

Maziwa, na mashaka ya wazazi

Kuponya hakukuwa jambo la kutumia dawa ya ajabu. Mulago walitumia maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Watoto wengi ambao zamani wangezikwa walianza kurudi nyumbani. Mwaka 1950 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula yalituma wataalamu wawili, Brock na Autret, kuzunguka inchi nyingi za Afrika, pamoja na Congo ya Wabeljiji. Waliona kwamba ugonjwa huo uko karibu kila mahali walipopita kusini mwa Sahara. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Rex Dean walitoa kitabu kikubwa juu ya kwashiorkor.

Lakini si mama wote walifurahi. Kazi ya uchunguzi ilidai damu, na kutoa damu ya mutoto dhaifu kuliogopesha wazazi. Uvumi ulizunguka Kampala kwamba damu inaenda mahali pengine. Mutoto aliyeletwa akiwa tayari anakufa, akichomwa sindano na kufa, aliongeza woga wa jirani. Waganga walichelewa kufahamu kwamba kuponya kunadai mama aelewe kila kitu kinachofanywa. Katika miaka ya 1960, baada ya Trowell kuondoka, Mulago ilifungua kituo cha Mwanamugimu. Huko mama wenyewe walipika chakula cha kuponya kwa vitu vya soko lao: ndizi, maharagwe, karanga, samaki wadogo. Mawazo hayo ndiyo yako karibu zaidi na jiko la Kikula.

Tena kuko kosa lingine lililotoka kwenye kizazi kile. Kwa sababu protini ilisemwa sana, dunia ilikimbilia protini peke yake, hadi mwaka 1974 munganga Donald McLaren aliandika katika Lancet kukemea jambo hilo. Watoto wengi walikosa chakula chote, si protini tu. Leo mutoto mugonjwa sana wa kwashiorkor anaanzishiwa maziwa F-75, yenye protini kidogo, hadi mwili wake uweze kubeba zaidi. Kisha ndipo anapewa F-100 ao kile kibandiko cha karanga ambacho mama wengi wanakijua kwa jina la Plumpy'nut.

Jaji wa Kampala

Wakati watoto wale wangali wanafika Mulago, Trowell alianza kukutana na namna nyingine ya wagonjwa. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh walitangaza habari ya Mwafrika aliyepata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Alikuwa jaji, mutu munene, ambaye kwa miaka mingi alikula kama Wazungu. Kwa munganga wa leo hiyo si habari. Kwa Trowell ilikuwa habari kubwa, juu katika miaka karibu 30 ya kazi yake Afrika ya Mashariki alikuwa hajauona kwa Waafrika.

Alijiuliza: ni uzee, ama ni chakula? Alikumbuka kazi ya munganga mwingine, Donnison, ambaye mwaka 1929 alitangaza vipimo vya damu vya wanaume karibu 1000 wa magharibi ya Kenya. Kwa Wazungu, presha ya damu ilipanda kadiri miaka ilivyoongezeka, na wote walifikiri hiyo ni sheria ya uzee. Kwa wanaume wale wa Kenya haikupanda baada ya miaka 40. Lakini kisha Trowell mwenyewe aliona tansio ikiingia Mulago. Wazee walikuwa wazee sawa na wa zamani. Kilichobadilika kilikuwa sahani, chumvi na maisha ya muji.

Mwaka 1960 aliweka mambo hayo katika kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika. Wakati ule watu wachache walikisoma.

Padri anayehesabu mikate

Trowell alirudi Uingereza mwaka 1958 na akawa padri wa kanisa la Anglikana. Alihudumia wagonjwa wa hospitali, kisha parokia karibu na Salisbury. Wengi walifikiri uganga wake umekwisha.

Haukuisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa na miaka karibu 70, aliungana na Denis Burkitt, mupasuaji waliyefahamiana Uganda. Burkitt alikuwa anajiuliza juu ya nini magonjwa fulani ya utumbo yalikuwa mengi Ulaya na machache Afrika. Trowell ndiye alimusaidia kuweka maana wazi ya nyuzi za chakula: ni sehemu ya mumea ambayo enzimu za utumbo wa mutu haziwezi kuikata. Ganda la mahindi, ganda la maharagwe, nyuzi za majani ya sombe, vyote hivyo vinapita. Watu wengi walifikiri kwamba kitu kisichokatwa hakina faida. Trowell alisema faida yake iko palepale: kinachelewesha sukari ya bunga kuingia kwenye damu.

Mufano wake ulitoka vitani. Uingereza, kati ya 1941 na 1954, serikali ilisagisha ngano kwa kuacha sehemu kubwa zaidi ya maganda, ili ngano isiishe. Trowell alichukua hesabu za vifo na kuonyesha kwamba katika miaka ile vifo vya ugonjwa wa sukari vilipungua. Hesabu hiyo peke yake haikutosha kumaliza mabishano, maana vitani watu walikula pia sukari na mafuta kidogo na walitembea sana. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata ulionyesha kwamba watu wanaokula nafaka nzima wanapata sukari kidogo kuliko wengine.

Homoni, miaka na mashini ya mafuta

Leo waganga wanaweza kueleza vizuri kuliko Trowell kile kinachotokea ndani. Insulini ndiyo inawasha enzimu za kujenga mafuta. Bunga nyeupe iliyochekechwa, sukre ya chupa na chai yenye sukari nyingi vinapandisha sukari ya damu haraka, insulini inapanda, na enzimu zinapata amri. Kufunga, njaa na kazi ya mwili vinaleta homoni nyingine, glukagoni, ambayo inazima mashini na kufungua depo. Mafuta ya samaki nayo yanapunguza kazi ya enzimu hizo.

Kwa mutu anayekula kiasi, mashini hii inafanya kazi kidogo tu; mafuta mengi ya mwili wake yanatoka kwenye mafuta aliyokula. Kwa hiyo mawese haina usafi kabisa mahakamani, wala bunga. Lakini mutu akila wanga kupita kiasi kila siku, mashini inaamka, na insulini ileile inazuia mwili kuunguza mafuta ya zamani.

Miaka inaleta mambo yake. Katika panya wa maabara, enzimu za kujenga mafuta katika nyama za mafuta zinapungua kadiri panya anavyozeeka. Basi juu ya nini wazee wananenepa? Juu misuli inapungua, na misuli ndiyo inaunguza sukari nyingi. Mwili unaanza kutosikia insulini, tezi inatoa nyingi zaidi, na mafuta yanakwenda ndani ya tumbo na ndani ya maini. Kwa mwanamuke, hedhi ikiisha homoni ya estrojeni inashuka, na mafuta yaliyokuwa yanakaa kwenye mapaja yanahamia tumboni. Ndiyo sababu nkambo anakula sahani ileile ya miaka 30 iliyopita, lakini mwili haujibu vilevile.

Kile kinachobaki Kikula

Wazee wa Likasi wanakumbuka wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, wakati mufanyakazi alipata posho ya bunga kutoka kampani. Posho hiyo ilikwisha wakati kampani ilianguka miaka ya 1990, na tangu hapo kila lupango inajitafutia. Zambia ikifunga mupaka wa mahindi, bei inapanda, na kitu cha kwanza kinachoondoka kwenye sahani si bukari. Kinachoondoka ni kapenta, maharagwe na karanga. Ndivyo sahani ya mutoto inafanana na ile iliyomuua mutoto wa Mulago. Nkambo naye anabaki na bukari nyeupe na chai ya sukari, bila kazi ya shamba iliyomukondesha zamani.

Trowell hakuacha dawa ya kununua. Aliacha mambo ambayo familia inaweza kuyafanya. Mutoto aliyevimba miguu yote miwili, ambaye kidole kikimubonyeza kinaacha shimo, hajanenepa. Sherti apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mutoto anayeachishwa ziwa anahitaji kijiko cha karanga zilizosagwa, maharagwe, yai ao kapenta iliyopondwa ndani ya uji wake, mbele watu wakubwa hawajagawanya mboga. Mahindi yakipelekwa mashinini bila kukobolewa, maganda yanabaki ndani ya bunga, na kilo moja inafikia mbali zaidi. Nkambo mwenye sukari anaweza kupunguza donge la bukari na kuongeza lengalenga na maharagwe, lakini asiache dawa zake bila kuongea na munganga.

Trowell alikufa akiwa na miaka 84. Burkitt alimufuata mwaka 1993. Hospitali ya Mulago ingali inapokea watoto wa kwashiorkor, na katika jumba lilelile, wagonjwa wa sukari wanapanga mustari asubuhi.